Mtoto Asiyeandikwa Hapangiwi Fungu

Kila mwaka, kuanzia Oktoba, shule za msingi za Tanzania hufungua daftari la uandikishaji wa darasa la awali na darasa la kwanza. Mzazi anakuja na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, jina linaandikwa, na kuanzia hapo mtoto anaingia katika hesabu inayopanda kutoka shuleni hadi kata, halmashauri, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na Hazina. Fedha ya serikali hulifuata daftari hilo. Tunapozungumzia elimu ya watoto wenye mahitaji maalum tumezoea kuanza na uhaba wa walimu na vifaa, na uhaba huo upo. Lakini naona kasoro kubwa iko nyuma yake. Serikali inawapangia fungu watoto ambao wameshafika shuleni na wameshatambuliwa, na kwa kuwa hao ni wachache, mahitaji yote yanaonekana madogo.

Tuzitazame namba. Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Kiwango hicho kina wazee ndani yake, hivyo hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo na kubandikwa kwa watoto. UNICEF, katika makadirio yake ya 2021, ilisema watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, yaani mmoja katika kila watoto 10. Tuwe waangalifu na tuchukue nusu tu ya kiwango hicho. Katika shule za msingi zenye wanafunzi zaidi ya milioni 10, tungetarajia kuwakuta watoto wasiopungua laki tano. Takwimu za shule zimekuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka kwamba wanafunzi wenye ulemavu hawafiki hata asilimia 1 ya wote walioandikishwa.

Wengine wako wapi? Baadhi wako nyumbani, na hawa ndio wanaotajwa kwenye hotuba: mtoto anayefungiwa chumbani mgeni akija, mtoto ambaye majirani wanajua yupo ila hawajawahi kumwona uwanjani. Wapo, na aibu pamoja na hofu vinavyowaweka ndani havijaisha. Lakini wapo wengine, na kwa maoni yangu ni wengi kuliko hao, ambao wameandikishwa na wanakaa darasani kila siku bila mtu kujua kwamba wana mahitaji maalum. Ni yule asiyeona ubao kutoka dawati la tatu na anayenakili kwa mwenzake. Ni yule anayesikia kwa sikio moja, akiitwa kutoka upande mbovu haitikii, na mwalimu anamwandika kuwa ni mkaidi. Ni yule mwenye disleksia, ambaye herufi hazimkai, anarudia darasa, anachapwa, na akifika darasa la nne anaacha shule. Katika rejesta, huyu wa mwisho anahesabiwa kama mtoro. Hakuna safu inayosema aliacha kwa sababu hakuna aliyempima.

Upimaji, au ubainishaji kama walimu wa elimu maalum wanavyouita, ndio mlango wa msaada wote unaofuata. Bila karatasi ya upimaji mtoto hawezi kupelekwa kwenye kitengo kinachomfaa, hawezi kuombewa kifaa, wala kuongezewa muda wa mtihani. Na hapo ndipo mlango ulipo mwembamba. Mama wa kijijini akimpeleka mwanawe shuleni, mazungumzo mara nyingi huenda hivi: “Shikamoo mwalimu, nimemleta mwanangu, bado hajaongea vizuri.” Mwalimu mkuu anamtazama mtoto, anaitazama ofisi yake na rejesta yenye wanafunzi 90 kwa darasa moja, kisha anasema kwa upole, “Mama, huyu hapa hatutamweza. Mpeleke shule maalum.” Shule maalum iko mkoa mwingine. Kabla ya kumpokea inataka vipimo, vipimo viko hospitali ya rufaa, na nauli ya kwenda na kurudi ni ya watu wawili, kwa sababu mtoto hasafiri peke yake. Mwalimu huyo hakufanya ukatili. Amesema kweli kuhusu shule yake. Ila kuanzia siku ile mtoto hayupo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kenya ililitazama jambo hili mapema. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya upimaji na rasilimali za elimu katika wilaya, na mwaka 1986 ikaanzisha Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kufundisha walimu na wapimaji. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri: mzazi awe na mahali pamoja, karibu na kwake, ambapo mtoto atapimwa macho, masikio, viungo na uelewa, na atoke na maelekezo ya wapi asome na asaidiweje. Vituo hivyo navyo vimeteseka kwa kukosa magari, vifaa vya kisasa na wataalamu, hasa kaskazini mwa nchi ambako wilaya moja ni kubwa kuliko baadhi ya mataifa. Hata hivyo mzazi wa Kenya ana jina la mahali pa kwenda. Mzazi wa Tanzania anategemea zaidi bahati ya kukutana na Afisa Elimu Maalum wa halmashauri mwenye moyo na, siku hiyo, mwenye mafuta ya pikipiki.

Kuna jambo moja ambalo Tanzania inalo tayari na halitumiki ipasavyo: kliniki ya mama na mtoto. Watoto wengi sana wa nchi hii hupita mbele ya muuguzi kwa chanjo, na ile ya surua na rubela hutolewa miezi 9 kisha miezi 18. Katika umri huo muuguzi anaweza kuona kama mtoto anageukia sauti, anafuata kitu kwa macho, anakaa, anasimama, anajaribu maneno. Kadi inaandikwa uzito kwa uangalifu mkubwa. Halafu mtoto anatoweka machoni pa serikali hadi siku ya kuandikishwa shule, miaka mitatu au minne baadaye, na kwa mtoto kiziwi miaka hiyo ndiyo ya kupata lugha. Anayeanza lugha ya alama akiwa na miaka minane ameshapoteza kitu ambacho hakuna mwalimu, hata awe hodari vipi, anayeweza kukirudisha chote.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa maneno huisha na hesabu hubaki.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hiki ni urithi wa mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulioanza 2002, wakati lengo lilikuwa dola 10 kwa kila mtoto na dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,000. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kiwango kilibaki palepale: shilingi 6,000 zikapangwa kwenda shuleni na 4,000 zikabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni 500 kwa mwezi. Kwa mtoto asiye na ulemavu fedha hiyo ni ndogo. Kwa mtoto asiyeona hainunui hata karatasi nzito anazotumia kuandikia nukta nundu. Kasoro kubwa ni kwamba msingi wa hesabu ni kichwa: kichwa kimoja, fungu moja, bila kujali mahitaji yaliyo ndani ya kichwa hicho. Fedha ya ziada ikiwepo hupitia zaidi chakula cha bweni na manunuzi ya vifaa yanayofanywa na wizara, kwa hiyo huwafikia walioko kwenye shule maalum na vitengo vinavyojulikana. Mwalimu mkuu wa shule ya kawaida anayekubali kumpokea mtoto mwenye mtindio wa ubongo anajiongezea mzigo bila kuongezewa senti. Tunamtaka awe mwema, na mfumo wa fedha haumpi sababu yoyote ya kuwa hivyo.

Kenya imeweka tofauti katika hesabu yenyewe. Ruzuku ya msingi kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi za Kenya 1,420 kwa mwaka, na mwanafunzi mwenye ulemavu aliye katika shule maalum au kitengo amewekewa nyongeza ya 2,300. Kwa sekondari, juu ya 22,244 za kila mwanafunzi, nyongeza iliyopangwa ni 35,730. Walimu wakuu wa Kenya watakwambia, na kwa haki, kwamba fedha hufika nusu, hufika muhula ukiwa umekwisha, na kwamba mtoto aliye katika darasa la kawaida husahaulika hata huko. Lakini kanuni imetamkwa kwamba mahitaji makubwa yana gharama kubwa, na gharama hiyo ina tarakimu. Kanuni ikishaandikwa kwa tarakimu, mzazi anaweza kuidai na mbunge anaweza kuuliza imefika wapi.

Kwa nini Tanzania iliingia katika njia hii ya majengo na vitengo? Jibu liko kwenye historia. Elimu ya watoto wenye ulemavu ilianzishwa na makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Waanglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Serikali ilifuata kwa kufungua vitengo ndani ya shule za kawaida, na Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ndiyo inayojulikana zaidi. Wamisionari walijenga mahali walipokuwa, nao wengi walikuwa mbali na watoto wengi. Tuliwashukuru, na tulipaswa kuwashukuru. Lakini tulirithi pia mazoea ya kufikiri kwamba mtoto mwenye ulemavu ana shule yake mahali fulani, na kazi ya serikali ni kumfikisha huko.

Mazoea hayo yaligeuka kuwa jambo la kuhuzunisha yalipokutana na mauaji ya watu wenye ualbino. Mauaji hayo yaliposhamiri, watoto walikusanywa katika vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo mkoani Mwanza na Kabanga mkoani Kigoma ili waokoke. Walinzi na ukuta viliokoa maisha, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wapo watoto waliofika hapo wakiwa wadogo sana na wakakua bila kuijua sauti ya mama zao, katika vituo vilivyojaa kupita uwezo wake. Na mahitaji yao ya darasani, ukiyatenga na hatari ya nje, ni mepesi kuliko ya watoto wengine wengi: maandishi makubwa, kukaa karibu na ubao, miwani au kikuza maandishi, kofia pana, sare ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, ambayo hospitali ya KCMC ya Moshi imeonyesha kuwa yanaweza kutengenezwa hapahapa. Hakuna kimojawapo kinachohitaji bweni. Kinachohitajika ni kijiji salama na shule ya jirani yenye mwalimu anayejua la kufanya.

Mwalimu huyo anatoka wapi? Kwa muda mrefu jibu limekuwa Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum kilichoko Tengeru, Arusha, pamoja na vyuo vikuu vichache vinavyotoa shahada ya fani hii. Mafunzo huenda kwa uga: uoni, usikivu, ulemavu wa akili na kadhalika. Mgawanyo huo una maana kitaaluma, kwa sababu kufundisha nukta nundu na kufundisha kwa lugha ya alama ni kazi mbili tofauti kabisa. Ila mpangaji wa walimu akiona tu maneno “elimu maalum” kwenye cheti, anaweza kumpeleka mtaalamu wa uoni kwenye kitengo cha viziwi, au kumpeleka shule isiyo na mtoto yeyote aliyetambuliwa, ambako atafundisha Hisabati darasa la sita mpaka ujuzi wake upate kutu. Kwa hiyo hata kusomesha walimu zaidi hakutatosha kama hatujui watoto wako shule gani na wana hitaji gani. Tunarudi palepale kwenye ubainishaji.

Vifaa navyo vina kisa chake. Mashine ya nukta nundu aina ya Perkins, ambayo shule zetu nyingi huitegemea, ni chuma kizito cha karibu kilo tano kinachotoka nje ya nchi. Ni imara mno, inaweza kudumu miaka mingi, mradi isafishwe na irekebishwe. Serikali na wafadhili hupenda kununua mashine mpya, kwa sababu kukabidhi mashine kuna picha. Fungu la kumlipa fundi wa kukarabati halina picha, na matokeo yake ni stoo zenye mashine zilizokwama kwa sababu ya kipuri kimoja. Shime sikio ni vivyo hivyo: mtoto anavishwa, anasikia, kila mtu anafurahi, betri inakwisha, na kifaa kinawekwa kabatini. Kiti mwendo kilichoundwa kwa sakafu ya hospitali hakifiki wiki mbili kwenye mchanga wa Singida. Vitabu vina shida nyingine: Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu vya kiada kwa nukta nundu na kwa maandishi makubwa, lakini kitabu kimoja cha kawaida hugeuka juzuu kadhaa nene za nukta nundu. Mtaala ukibadilika, kama ulivyoanza kubadilika Januari 2024, mtoto asiyeona ndiye hungoja zaidi kitabu kipya.

Katika mjadala wa elimu jumuishi kuna hoja ambayo sikubaliani nayo, ile inayotaka shule zote maalum zifungwe na kila mtoto aingie darasa la kawaida. Azimio la Salamanca la 1994 lilifungua njia ya elimu jumuishi duniani, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Ukizisoma nyaraka hizo kwa makini, hakuna inayosema mtoto kiziwi atupwe peke yake kati ya watoto 80 wanaosikia. Sheria ya 2010 inaelekeza mtoto asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Mtoto kiziwi anahitaji wenzake wanaotumia lugha ya alama, na anahitaji kuwaona watu wazima viziwi wakiitumia kwa ufasaha. Kwake darasa la kawaida lisilo na mtu anayejua lugha yake ni upweke wa miaka mingi. Shule ya viziwi, ikiwa nzuri, inampa jamii. Wengine, na ndio wengi, mahali pao ni shule ya kata yao.

Zanzibar ilipata kuanza na upande huo wa shule za kawaida. Visiwani shule maalum hazikuwa nyingi, na mwaka 1999 wazazi na watu wenye ulemavu wa akili walianzisha jumuiya yao, ZAPDD. Shinikizo lao lilisaidia kuifanya wizara ianze mapema miaka ya 2000 kuingiza watoto katika shule za kawaida na kuandaa walimu wa kuwasaidia humohumo. Umbali mdogo kati ya shule na shule ulirahisisha kazi. Funzo kwa Bara, hata hivyo, lipo: mabadiliko yalisukumwa na wazazi waliojipanga, wakaenda ofisini pamoja na si mmoja mmoja, na wizara ikalazimika kuwa na kitengo kinachowajibu.

Wazazi wa Bara wakitaka kufanya hivyo watagundua jambo linalochosha. Mtoto wao yuko katika ofisi nne. Sera na mitaala ni ya Wizara ya Elimu, shule na walimu viko TAMISEMI, uchunguzi wa kitabibu na utengamao ni wa Wizara ya Afya, na masuala ya watu wenye ulemavu yamekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi umeandikwa mara tatu: wa 2009 hadi 2017, wa 2018 hadi 2021, na wa 2021/22 hadi 2025/26. Mikakati hiyo imeandikwa na watu wanaojua kazi yao. Kinachokosekana ni ofisi moja ambayo mtoto akipotea kati ya zahanati na shule, ndiyo itakayoulizwa.

Tuseme pia pale serikali inapofanya vizuri. Siku ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, pamoja na karatasi za nukta nundu au za maandishi makubwa. Ni utaratibu wazi, una kipimo, unatangazwa kila mwaka, na hakuna mwalimu mkuu anayeweza kusema hajui. Kama taifa linaweza kuhesabu dakika kwa ajili ya mtoto huyu siku ya mwisho ya safari, linaweza kuhesabu mahitaji yake siku ya kwanza.

Ningependa kuona mambo matatu madogo kwa sura na makubwa kwa matokeo yakiingia kwenye bajeti zijazo za halmashauri. Kadi ya kliniki iwe na ukurasa wa ukuaji wa usikivu, uoni na lugha unaojazwa kwenye chanjo ya miezi 18, na muuguzi awe na namba ya Afisa Elimu Maalum wa kumpigia. Ruzuku ya mtoto aliyebainishwa ipande kwa uzito wa hitaji lake na imfuate popote anaposoma, hata kama ni shule shikizi yenye madarasa mawili. Na kila kata kubwa, au kata mbili tatu kwa pamoja, iwe na mwalimu mmoja wa elimu maalum anayezunguka shule kwa ratiba, akiwa na chati ya kupimia macho, vifaa vya msingi na pikipiki iliyotengewa mafuta. Gharama ya jambo la kwanza ni karatasi na semina. La tatu linahitaji walimu ambao wengi wao tayari wako kwenye orodha ya mishahara, ila wamepangwa pasipostahili. La pili ndilo litakaloumiza Hazina, na Hazina isikubaliwe kulikwepa kwa kusema watoto hao ni wachache. Uandikishaji ujao ukianza Oktoba, kila halmashauri iagize watendaji wa vijiji na mitaa wapite nyumba kwa nyumba pamoja na walimu, waandike kila mtoto wa umri wa shule, anayetembea na asiyetembea, anayeongea na asiyeongea, kisha orodha hiyo ipelekwe kwa madiwani kabla makisio hayajafungwa.